Kitanda cha Shangazi Ardella

Shangazi yangu Ardella Tisdale aliuguza karibu nusu ya Wazungu wa Marlow Springs, na walipokufa alikwenda kuwazika, akisimama nyuma kabisa kanisani pamoja na wapishi na madereva. Hakuwa nesi. Kazi yake ilikuwa kukaa. Kwetu Alabama, Mzungu mwenye uwezo akilazwa hospitalini, watu wake walikodi mwanamke Mweusi akae kando ya kitanda: amgeuze, ampepee, amlishe, amtilie maji, na amsikilize akilalamika pale watoto wake wenyewe walipochoka kumsikiliza. Shangazi alianza kazi hiyo akiwa msichana, akaifanya mpaka miguu yake ikawa haiingii tena kwenye viatu bila kuvichana pembeni kwa kisu.

Mume wake, Otha, aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao kabla hawajapata mtoto. Mama yangu Lottie, mdogo wake (kwetu dada wa mama naye ni shangazi), naye alifariki mimi bado nasoma, basi tukabaki wawili. Watu husema Ardella ndiye aliyenilea, na mimi husema hivyohivyo kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba mara nyingi nililelewa na sufuria ya maharage iliyoachwa jikoni na mkate wa mahindi uliofunikwa kitambaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kwa watu, ameshika mkono wa mtu mwingine. Nilipokuwa na surua, alikuwa anamuuguza mtoto wa mwenye benki, naye ana surua. Sikumlaumu. Lakini sikusahau.

Hospitali yetu ilikuwa na ghorofa mbili za Wazungu, na chumba kimoja chini ya ardhi cha sisi Weusi, jirani na tanuri la kuchemshia maji na mashine za kufulia. Wanaume na wanawake tulitenganishwa kwa shuka lililoning'inizwa kwenye kamba. Ghorofani Mweusi aliruhusiwa kufika, mradi awe na kitu mkononi: fagio, sinia, beseni. Wauguzaji wa kukodi kama shangazi ndio pekee waliopewa kiti. Kulala huko ni jambo ambalo halikumpitia mtu akilini, wala mtu hakuhitaji kuweka tangazo la kulikataza.

Mwaka 1966, joto lilipoanza kukolea, shangazi alidondoka kwenye ngazi za kanisa letu la Mount Nebo. Alikuwa zamu ya kukaribisha waumini, na glavu zake nyeupe mkononi, na alipoanguka alihangaika zaidi kuhusu glavu kuliko kichwa. Wakamteremsha kule chini hospitalini. Daktari Lyle, ambaye alikuwa Mzungu mzee mwenye maneno machache, alimsikiliza moyo, akabonyeza miguu iliyovimba, kisha akanivuta pembeni.

"Moyo wake umechoka kabisa," akaniambia. "Alale. Nikisema alale nina maana asishuke kitandani, hata msalani asiende. Akipata wiki kadhaa za kulala kikweli, anaweza kukaa nanyi miaka. Akikaidi, Krismasi hataiona."

Nilimrudia shangazi nikamweleza yote, sikumficha. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wahubiri wageni.

"Wiki kadhaa," akasema. "Nitafanya nini wiki kadhaa?"

"Utalala, shangazi."

"Sawa. Halafu?"

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja kuku, na kila nikitoka nilipitia hospitalini na mikono yangu inanuka manyoya mabichi. Kila nilipofika nilimkuta amesimama. Mara anamgeuza mzee mwenye kiharusi upande wa pili wa shuka. Mara anamfuta jasho msichana aliyejifungua, maana mle ndani, mashine za kufulia zikianza kuzunguka, palikuwa na joto la kuivisha mkate. Mara anakunja mataulo, ati yanamtazama vibaya. Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Nilimwapisha kwa kaburi la mama yangu. Alikuwa akinikubalia kila kitu kwa sauti yake ya upole, analala, na nikigeuza mgongo tu nasikia springi za kitanda zinalia. Nilikuwa nafika nyumbani nalia kwa hasira. Mtu wangu mmoja aliyebaki duniani alikuwa anajimaliza mbele ya macho yangu, na sababu yake ni mataulo.

Sasa, mwaka uliotangulia Rais Johnson alikuwa ametia sahihi ile sheria ya wazee, kwamba mtu akishafika umri wa miaka sitini na tano serikali itamlipia hospitali. Shangazi alikuwa ameshaupita umri huo. Na kulikuwa na sheria nyingine, iliyopita kabla ya hiyo, iliyosema kwamba palipotengwa watu kwa rangi, pesa ya serikali haiingii. Ukiziweka sheria hizo mbili pamoja, hospitali yenye chumba cha Weusi karibu na tanuri haipati kitu. Bwana Stovall, msimamizi wa hospitali, alikuwa amesimama hadharani akaapa kwamba yeye akiwa hai watu hawatachanganywa. Baadaye akakaa na wahasibu wake wakampigia hesabu za wazee wote wa wilaya watakaokwenda kutibiwa mji wa jirani, na uhai wake ukabadilika maana. Wakaguzi kutoka Atlanta walikuwa njiani.

Hakutaka kuchanganya watu. Alitaka kuonekana amewachanganya, tena kwa siku moja, na kwa hilo alihitaji Mweusi mmoja au wawili wakae ghorofani kwenye vyumba vya Wazungu. Kazi ikawa kumpata Mzungu wa kukubali. Familia za kwanza alizoziuliza zilisema zitabeba mgonjwa wao zirudi nyumbani. Ndipo akamkumbuka Bi Hortense Gaither, mjane wa mwenye duka la mbegu, aliyevunjika nyonga akiteremka kwenye baraza lake mwenyewe. Shangazi alikuwa amemuuguza katika kila uzazi na kila homa tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Wakamuuliza kama atavumilia kulazwa chumba kimoja na Ardella Tisdale.

"Ardella?" akasema. "Mbona mmekawia kumleta?"

Basi wakampandisha. Nilipoenda kumwona siku hiyo niliambiwa nipande ngazi, nikapanda nikitazama nyuma kila hatua kama mwizi. Chumba kilikuwa na dirisha lenye mti wa magnolia nje, na kiyoyozi kikinguruma taratibu, na shuka laini. Shangazi alikuwa amelala, kakodoa macho kwenye dari.

"Baridi humu," akaninong'oneza. "Niletee sweta."

Nilifurahi, sitadanganya. Nilijua ni changa la macho, mji mzima ulijua, lakini nikajisemea kwamba hata kama ni uongo, moyo wake hautajua tofauti. Atapumzika kwenye uongo huohuo.

Furaha yangu haikufika mbali. Watoto wa Bi Hortense walikuwa wamemkodia muuguzaji, mama mmoja wa kanisa la jirani. Walipoona Ardella yumo chumbani, wakamwambia yule mama asante, asije tena. Ukiwafikiria kwa akili yao hawakuwa na ubaya. Kwao, Ardella akiwa kwenye chumba cha mgonjwa, mgonjwa ana muuguzaji. Hawakuona kitanda chake.

Nilimkuta amevaa gauni la wagonjwa, lile linalofungwa kamba mgongoni, na juu yake kajifunga taulo kiunoni kama aproni. Anamlisha Bi Hortense uji wa mahindi kwa kijiko.

"Shangazi!"

"Umekuja mwanangu? Kaa. Namalizia."

"Unamalizia nini? Rudi kitandani sasa hivi!"

"Corinthia, usipandishe sauti, chakula kitampalia."

Bi Hortense aligeuza kichwa akanikagua. "Huyu ndiye yule mtoto wa Lottie? Ehee. Alikuwa kijiti, sasa kanenepa."

"Nashukuru, Bi Hortense," nikasema, meno yamekutana. "Na wewe nyonga yako inaendeleaje?"

"Inaniua. Ardella, mpe mtoto peremende, ziko kwenye mkoba wangu."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimesimama juani mbele ya mahakama ya wilaya mpaka nikaandikishwa kupiga kura, mbwa wa polisi akininusa magoti, na sasa napewa peremende. Nikatoka nje nikamkamata Nesi Pickens, mkuu wa manesi wa ghorofa ile, mwanamke mwembamba aliyetembea kama sakafu inamwunguza.

"Shangazi yangu ni mgonjwa," nikamwambia. "Daktari kasema asinyanyuke. Mnamfanyisha kazi."

"Nani amfanyishe kazi?" akajibu. "Mimi sikumwambia anyanyuke. Daktari hakumwambia. Muulize mwenyewe kama kuna mtu kamwambia."

Na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu alisema kweli. Hakuna aliyemwambia. Bi Hortense akikohoa tu, shangazi tayari miguu iko chini. Nilirudi ndani nikamuuliza anataka kufa kwa ajili ya kijiko cha uji. Akaniambia moyo wake ameuzoea, na kwamba Bi Hortense hawezi kujigeuza. Alikuwa anahema kati ya neno na neno. Vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa kuliko siku aliyopelekwa hospitalini.

Siku ya wakaguzi nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Nilikuwa nimeketi pembeni ya dirisha, kwenye kile kiti kigumu cha wauguzaji, na nilikuwa nimefaulu kumlaza. Halafu Bi Hortense akataka kukaa wima apakwe poda, wageni wasimkute vibaya. Shangazi akainuka. Na kwa vile ameinuka, akakitandika kitanda chake, kama anavyofanya kila asubuhi ya maisha yake, akalikaza shuka mpaka hakuna mkunjo, mto katikati. Ukikitazama ungesema hakijalaliwa mwaka mzima. Akajifunga taulo lake kiunoni.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Stovall alitangulia, uso umemetameta kama bwana harusi, na nyuma yake wakaguzi wawili, mmoja wao kijana Mzungu mwenye tai nyembamba na macho yaliyokosa usingizi.

"Na hapa, kwa mfano," Stovall akasema akinyoosha mkono, "kama mnavyojionea..."

Mkono wake ukabaki hewani. Kijana alitazama kitanda kimoja chenye bibi Mzungu. Akatazama kitanda kingine, kitupu, kimenyooka. Akamtazama shangazi aliyeshika kopo la poda.

"Habari za asubuhi, mama," akasema, kwa heshima. "Wewe ndiye unayemuuguza bibi huyu?"

"Ndiyo, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu uzazi wake wa kwanza, bwana."

"Ananijua kuliko mume wangu alivyonijua," Bi Hortense akaongezea, poda puani.

Stovall akaushusha mkono. Angesema nini? Kwamba huyu mwenye taulo kiunoni ni mgonjwa wa moyo? Macho yake yakanitafuta mimi pale dirishani, yakinisihi, na kweli neno langu moja lingetosha. Nikalimeza. Nikageuka nikatazama magnolia, na sijapata kuuona mti mzuri kama ule. Yule kijana akashukuru, akauliza wagonjwa Weusi wamelazwa wapi, akaelekezwa ngazi za chini. Walikaa kule karibu na tanuri muda mrefu. Hospitali ikanyimwa kibali, wakaambiwa wakaguzi watarudi.

Jioni yake Stovall aliingia chumbani bila kubisha.

"Ardella! Ulimwambia nini yule mtu?"

"Aliniuliza kama namuuguza Bi Hortense, bwana. Nami namuuguza."

"Wewe ni mgonjwa!" akapiga kelele, mshipa wa shingo umemtoka. "Mgonjwa! Unanielewa? Kuanzia dakika hii hushuki kitandani. Hunyanyuki kwa mtu yeyote, hata jengo likiungua. Hiyo ni amri. Wakija wakukute umelala!"

"Ndiyo, bwana," shangazi akasema.

Akafungua taulo, akalikunja, akapanda kitandani, akajinyoosha chali, mikono juu ya shuka. Na hapo akabaki.

Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia. Nilikuwa nimembembeleza tangu siku aliyoanguka. Nilimlilia. Nilimtajia mama yangu marehemu. Hakunisikia. Kaja Mzungu mmoja, kafoka mara moja, kwa faida yake mwenyewe, na huyo amelala.

"Kumbe ungeweza," nikamwambia.

Alijua nina uchungu. Akaupapasa mkono wangu. "Wewe uliniomba, mwanangu. Yeye kanipa kazi. Kazi naijua."

Na kweli aliifanya kama kazi. Alilala kama askari wa lindo. Ukiingia ghafla unakuta macho yako wazi, yanatazama mlango. Nikimuuliza amelala vizuri, ananijibu, "Sijasinzia hata kidogo," kwa fahari, kama nilivyomsikia akiwajibu watoto wa wagonjwa wake miaka yote. Stovall aliwaamuru manesi wamhudumie, tena wamwite Bibi Tisdale, heshima ambayo Mzungu wa kwetu hakumpa Mweusi, ili ndimi zizoee kabla ya wakaguzi. Nesi Pickens alijitahidi. Neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Bi... Bibi Tisdale, chakula chako."

"Pole, nesi," shangazi akamwambia, akimwonea huruma kweli. "Usijiumize."

Bi Hortense ndiye aliyeteseka. Hakuelewa kabisa.

"Ardella, maji."

"Nimekatazwa, Bi Hortense."

"Na nani?"

"Bwana Stovall."

"Stovall! Baba yake alikuwa analeta barafu nyumbani kwetu, anaingilia mlango wa nyuma! Leo mwanawe anamkataza Ardella kunipa maji?"

"Ndiyo dunia, Bi Hortense."

Bi Hortense alibonyeza kengele, nesi akaja kwa wakati wake, amenuna. Shangazi alikuwa anafuata yote hayo kwa macho, na vidole vyake juu ya shuka vilikuwa vinafanya kazi peke yake, vinamimina, vinashika, vinafuta. Hata hivyo uvimbe ulipungua. Daktari Lyle alipombonyeza mguu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia anaendelea vizuri, lakini angependa kumwona akilala usingizi. Usingizi hasa, alisema, siyo huku kujinyoosha. Moyo haupumziki mtu akiwa zamu.

Wakaguzi walirudi. Safari hii Stovall alikuwa amepandisha watu wengi, karibu chumba kizima cha chini, na walimkuta shangazi amelala chali macho yamekodoka, Nesi Pickens akimwita Bibi Tisdale bila kukwama. Yule kijana mwenye tai alimkumbuka, akatabasamu kwa uchovu, akamtakia afya njema. Hospitali ikapata kibali. Lile shuka la kwenye kamba lilishushwa, na chumba cha chini wakaweka viti vilivyovunjika na mapipa ya sabuni.

Kanisani kwetu watu walisimama wakaimba. Mimi nilikaa. Sikuwa na ubishi na sheria. Sheria ile nilikuwa nimeingojea, na hata mzee wa kiharusi sasa alikuwa na dirisha lake. Nilichoka tu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nilipowatazama kina mama wenzangu kwenye mabenchi, wenye viatu vilivyochanwa pembeni, nikaona wote wamechoka hivyohivyo, wanaimba kwa mazoea.

Kesho yake nilipitia hospitalini kutoka kazini. Stovall alikuwa ametoka tu mle chumbani. Alikuja kumwambia shangazi amefanya vizuri, na kwamba sasa basi, hakuna amri tena. Sijui alidhani anampa zawadi.

Sikuwa nimekaa hata vizuri, Bi Hortense akasema, "Ardella, umesikia mwenyewe. Hujakatazwa tena. Nipe maji."

Nikaona shuka linasogea. Mguu mmoja ukatoka, ule wenye kovu la maji ya moto, ukaanza kutafuta sakafu.

Nikaruka nikamshika mabega. "Shangazi, hapana."

"Ana kiu, Corinthia."

"Abonyeze kengele."

"Manesi wako kwenye chakula. Watakawia."

"Basi akae na kiu yake! Kuna mtu aliwahi kufa kwa kiu ya robo saa? Wewe utakufa. Daktari kasema. Utakufa uniache, kwa ajili ya kikombe cha maji cha Hortense Gaither!"

Nililitaja jina lake hivyo, tupu, yuko palepale anasikia. Hakuna aliyelijali. Shangazi hakunikasirikia. Alinitazama, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika kumgombeza kote kule. Macho yake yalikuwa mekundu, yamekauka. Alikuwa hajalala usingizi hata mara moja tangu apandishwe.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Usidhani napenda. Nimejaribu. Yule bwana kanipa amri, nikalala, lakini mwili tu. Nikimsikia mtu ana haja nami nimelala, moyo unanidunda mpaka masikioni. Ni afadhali ninyanyuke. Nikinyanyuka unatulia."

"Ardella?" Bi Hortense akaita.

Nilikuwa na kiapo changu. Nilikuwa nimekiapa nikiwa msichana na surua, jikoni peke yangu: kwamba kuku nitawachinja, sakafu za kiwanda nitazipiga deki, lakini Mzungu hatakunywa maji kutoka mkononi mwangu. Watu waliniona nina kiburi. Ndicho kitu pekee nilichojinunulia katika maisha haya, na nilikuwa nakitunza vizuri.

Nikaurudisha ule mguu kitandani. Nikaufunika.

"Lala," nikasema. "Nitampa mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Lala."

Aliniangalia kama hajui kama nitamtilia sumu. "Mwinue kwanza. Usimshike shingo, pitisha mkono mgongoni."

"Najua."

"Na umpe kidogokidogo."

"Shangazi. Nimekulia kwako. Najua. Lala."

Nilinawa mikono mara mbili kuondoa harufu ya kuku, sijui kwa nini nilijali. Nikamimina. Nikapitisha mkono nyuma ya mgongo wa Bi Hortense, nikashangaa, alikuwa mwepesi, mifupa mitupu chini ya gauni la kulalia, ananukia poda. Akanywa polepole, kama ndege, anapumzika, anakunywa tena. Nilikuwa nimejaa hasira, na mkono wangu ulikuwa umetulia, haukumwaga hata tone. Nilimchukia kwa kiu yake. Nilimgeuza mto upande wa baridi bila kuambiwa.

Nikiwa bado nimemshikilia, nyuma yangu kukatoka sauti. Nzito, ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Kisha tena.

Bi Hortense akaacha kunywa. "Nini hiyo?"

"Ni Ardella."

"Ana nini?"

"Anakoroma, Bi Hortense. Amelala."

Akanyanyua kichwa kutoka kwenye mkono wangu, akanyoosha shingo ili aone. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani, magoti yamekunjwa, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Udende mwembamba ulikuwa unamtoka. Bi Hortense alimtazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyefungua chumba cha nyumba yake ambacho hakujua kipo.

"Amekaa nami maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kumwona amelala."

"Basi nyamaza," nikamwambia, "usije ukamwamsha."

Akanyamaza.